Kompyuta ya Nyumbani: Toleo Jipya Lipokewe Leo au Lingoje?

Ndugu wasomaji wa Mafubira na Mbale, nanyi mlioko Busia, Malaba na Lwakhakha, somo la toleo hili limetokana na swali linaloulizwa mara nyingi katika mikutano yetu na wananchi. Mtu anaiwasha kompyuta yake ya nyumbani, na kabla hajaandika hata neno moja kinajitokeza kisanduku kwenye kioo kikimwambia kwamba toleo jipya la mfumo endeshi liko tayari. Je, alipokee sasa, au baadaye? Wapo wanaobonyeza "baadaye" kila siku kwa miaka miwili. Wapo wanaobonyeza "sasa" bila kusoma, umeme ukiwa unacheza. Wapo pia wanaoikunja mashine na kuipeleka kwa fundi wa kando ya barabara na kumwachia hadi kesho. Kila njia ina hatari yake, na baadhi ya hatari hizo huishia mezani kwetu.

Yamkini mtu atasema: polisi na toleo la kompyuta, wapi na wapi? Tuchukue mfano wa nyumba moja hapa Mafubira, nyumba ya kubuni lakini inayofanana na nyingi. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na alama za wanafunzi ameziweka katika kompyuta. Baba ni mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo, na daftari la michango ya wanachama limo humo. Kijana wao yuko chuoni, anaandika tasnifu. Shangazi ana kibanda cha pesa za simu, na jioni huja kuingiza hesabu za siku. Picha za hati ya kiwanja nazo zimehifadhiwa humohumo. Mashine ni moja na familia ni moja, lakini siku ikifungwa na mhalifu au ikifutika kwa uzembe, hasara inawafikia wanachama wote wa kile chama na wazazi wote wa shule ile. Ndiyo maana jambo hili ni la usalama wa jamii kama lilivyo suala la kufuli la mlango.

Kitasa na paa

Watu wengi huchanganya mambo mawili yaliyo tofauti kabisa. Jambo la kwanza ni viraka vya usalama: marekebisho madogo ambayo mtengenezaji hutuma ili kuziba nyufa zilizogunduliwa katika mfumo ulio nao tayari. Kwa watumiaji wa Windows, kampuni ya Microsoft hutoa viraka hivyo Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu huwa ni mnamo saa mbili au saa tatu usiku. Jambo la pili ni kubadili toleo zima, kwa mfano kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Kiraka ni sawa na kukaza kitasa kilicholegea. Toleo jipya ni sawa na kuezua paa na kuezeka upya. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeacha kitasa kibovu hadi mwezi ujao, na hakuna anayeezua paa mvua ikinyesha na mabati hayajanunuliwa.

Basi jibu fupi ni hili: kiraka kipokewe leo, toleo jipya lingoje kidogo, lakini lisingoje bila kikomo. Sababu za kila upande zinastahili kuelezwa, kwa kuwa zimekwisha kulipiwa na watu wengine kwa gharama kubwa.

Tarehe 14 Machi 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa mmoja katika sehemu ya Windows inayowezesha kompyuta kushirikiana mafaili. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, siku 59 baadaye, programu haramu iliyoitwa WannaCry ilipita katika ufa uleule. Ilifunga mafaili ya watu na kudai komboleo la dola 300 kwa sarafu ya bitcoin. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika. Huko Uingereza, hospitali za umma ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa, na baadhi ya magari ya wagonjwa yalilazimika kuelekezwa kwingine. Jambo la kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya mashine zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inapewa viraka bila malipo. Dawa ilikuwa tayari mlangoni kwa takriban miezi miwili, na wenye mashine walikuwa wakibonyeza "baadaye".

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Tarehe 2 Oktoba 2018, Microsoft ilitoa toleo kubwa la Windows 10 lililojulikana kwa namba 1809. Siku chache tu baadaye ililisimamisha, kwa kuwa baadhi ya waliolipokea mapema walikuta nyaraka na picha zao zimefutika. Lilirudishwa tarehe 13 Novemba, likiwa limerekebishwa. Aliyengoja wiki sita alilipokea salama. Aliyekimbilia siku ya kwanza bila kuweka nakala ya akiba alibaki akitafuta mafaili yasiyokuwapo.

Msomaji makini atatukumbusha pia tarehe 19 Julai 2024, siku ambayo kompyuta zinazokadiriwa kuwa milioni 8.5 zilizimika duniani na ndege zikakwama viwanjani. Kwa hakika, hilo halikuwa toleo jipya la Windows. Lilikuwa ni rekebisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike, inayotumiwa na mashirika makubwa, na kompyuta za nyumbani kwa jumla hazikuguswa. Ninalitaja kwa sababu tangu siku ile nimewasikia watu wakilitumia kama hoja ya kukataa viraka vyote. Hoja hiyo haina miguu.

Tarehe iliyokwisha kupita

Kwa wengi wetu swali halihusu tena toleo la mwaka ujao. Linahusu Windows 10, iliyotolewa Julai 2015 na ambayo muda wake wa kawaida wa huduma ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kukoma huko hakumaanishi kwamba kompyuta itazimika. Itawaka, itaandika, itachapisha, nawe utadhani hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni kwamba nyufa mpya zinazogunduliwa haziletewi viraka, ilhali wahalifu nao wanazisoma habari hizohizo. Kadiri miezi inavyopita, ndivyo mlango unavyozidi kulegea. Tulipita njia hii na Windows XP Aprili 2014, na Windows 7 Januari 2020, na bado zipo ofisi ambazo mashine za aina hiyo zinafanya kazi za fedha. Si jambo la kujivunia.

Kwanza fahamu una toleo gani. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika neno winver, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Kisanduku kidogo kitakuonyesha jina la toleo na namba yake.

Ikiwa ni Windows 10, uamuzi unategemea umri wa mashine. Windows 11 haikubali kila kompyuta. Inahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kichakato ambacho, kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni cha kizazi cha 8 au cha baadaye. Kizazi unaweza kukisoma katika namba ya kichakato. Ukiona i5-7200U, tarakimu 7 iliyo mara baada ya kistari inakuambia ni kizazi cha 7, na hiyo kwa kawaida haikubaliwi. I5-8250U ni kizazi cha 8. Microsoft pia hutoa bila malipo programu iitwayo PC Health Check, ambayo hukagua mashine na kukupa jibu.

Wanunuzi wa mipakani walizingatie hili kabla ya kutoa fedha. Kompyuta zilizokwisha kutumika zinapita Busia na Malaba kila siku, nyingi zikiwa nzuri na za halali. Lakini muuzaji akikuambia "hii ina Windows 11 tayari", usiishie kutazama rangi ya kioo. Soma namba ya kichakato. Wapo mafundi wanaolazimisha Windows 11 iingie katika mashine isiyokidhi masharti, na Microsoft imesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina haki ya kuhakikishiwa masasisho. Umenunua paa jipya lisilo na misumari. Tena, omba stakabadhi yenye namba ya utambulisho ya mashine pamoja na jina la muuzaji, na uitunze. Mashine iliyoibwa Eldoret au Kampala ikikutwa nyumbani kwako bila karatasi yoyote, maelezo utayatoa wewe.

Je, mwenye mashine ya kizazi cha 7, isiyo na fedha za kubadilishwa mwaka huu, afanyeje? Njia zipo. Microsoft imeweka mpango wa kuendeleza viraka vya usalama vya Windows 10 kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unaweza kujiunga bila kulipa kwa kuhifadhi mipangilio ya kompyuta katika akaunti yako ya Microsoft, au kwa kulipa dola 30 za Marekani mara moja. Sharti ni kwamba Windows 10 yako iwe namba 22H2. Sehemu ya kujiunga iko ndani ya Windows Update, katika mipangilio ya kompyuta yenyewe, kwa hiyo huhitaji wakala wala dalali. Mtu akikutoza fedha kwa kujiunga kule kusikolipiwa, mwulize analipisha nini.

Njia ya pili ni kuhamia mfumo huria kama Ubuntu, ambao ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na haulipiwi. Ubuntu 24.04, iliyotoka Aprili 2024, inapewa viraka vya kawaida kwa miaka mitano, na inaweza kufanya kazi katika mashine nyingi ambazo Windows 11 imezikataa. Ugumu wake ni mazoea, na pia baadhi ya programu za hesabu zilizotengenezwa kwa Windows pekee. Kwa mwanafunzi na mwalimu ninaiona kuwa njia nzuri. Kwa shangazi mwenye kibanda, aulize kwanza kama programu anazozitumia zitafanya kazi.

Kabla ya kubonyeza

Aliyeamua kupokea toleo jipya aanze na nakala ya akiba, yaani nakala ya pili ya mafaili yake yote, iliyo nje ya kompyuta hiyo. Diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha inatosha. Nakala iliyo katika folda nyingine ya kompyuta ileile si akiba. Nyumba ikiungua, kabati la pili nalo linaungua. Ukisha kunakili, ichomoe diski hiyo na ufungue mafaili mawili matatu kwenye kompyuta nyingine ili uhakikishe yanasomeka. Kisha iweke kwingine. Diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa na programu za komboleo pamoja na kompyuta yenyewe.

Kompyuta nyingi za siku hizi zimefungwa kwa usimbaji, na baada ya badiliko kubwa zinaweza kudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Aghalabu ufunguo huo huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mtu wa kwanza kuiwasha mashine. Utafute na uuandike katika karatasi kabla hujaanza. Aliyenunua mashine iliyotumika ambayo imefungwa kwa akaunti ya mtu mwingine asithubutu kuanza kazi hii kabla ya kulimaliza jambo hilo na muuzaji.

Umeme ni suala letu la kipekee, na wataalamu wa ng'ambo huligusa juu juu. Kubadili toleo kunaweza kuchukua saa moja hadi saa kadhaa, na kukatika kwa umeme katikati kunaweza kuiacha mashine isiwake tena. Kompyuta ya mapajani ijazwe betri kabisa na iachwe kwenye chaja. Kompyuta ya mezani isiyo na kifaa cha akiba cha umeme isianzishwe jioni ya mvua na radi. Bando nalo lihesabiwe: upakuaji wa Windows 11 ni takriban gigabaiti 5 au zaidi. Kikundi cha majirani kinaweza kupakua mara moja tu kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, kikaweka katika flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, na kuitumia kwa mashine kadhaa. Hilo ni halali, mradi kila mashine iwe na leseni yake.

Ukisha kubadili na mambo yakaenda kombo, Windows 11 inakuruhusu kurudi katika toleo la awali ndani ya siku 10. Siku hizo zitumie kujaribu printa, programu ya hesabu na kila unachokitegemea. Ndiyo maana sishauri mwalimu abadili toleo wiki ya kuandaa ripoti za muhula. Angoje likizo.

Wanaojifanya toleo jipya

Hapa ndipo penye kazi ya polisi hasa. Wahalifu wanajua kwamba watu wanatarajia tangazo la toleo jipya, kwa hiyo wanatengeneza la kwao. Januari 2022 Microsoft ilitangaza kwamba Windows 11 sasa itawafikia watu wengi zaidi. Siku iliyofuata wahalifu wakasajili tovuti ya uongo iliyofanana na ya Microsoft. Watafiti wa kampuni ya HP walilieleza tukio hilo mwezi uliofuata. Aliyepakua hapo hakupata toleo lolote. Alipata RedLine, programu inayoiba nywila zilizohifadhiwa katika kivinjari. Aprili mwaka huohuo, programu ya komboleo iitwayo Magniber ilienezwa ikijifanya sasisho la Windows 10, na walengwa walikuwa hasa wanafunzi na watu wa kawaida.

Kwa hiyo masasisho ya kweli yatafute ndani ya mipangilio ya kompyuta, katika Windows Update. Yasipokuwapo humo, hayapo. Ukurasa wa mtandao unaomweka mtu roho juu kwa king'ora na namba ya simu, kiungo kilichotumwa kwa WhatsApp, na mtu anayepiga simu akidai anatoka Microsoft, vyote ni mitego. Microsoft haikupigii simu bila wewe kuiomba.

Mtego mwingine ni flashi ya fundi yenye "Windows ya bure" na kiprogramu cha kuvunja leseni. Desemba 2021 watafiti walieleza jinsi nakala za kiprogramu kimoja cha aina hiyo, KMSPico, zilivyobeba ndani yake mwizi wa nywila aitwaye CryptBot. Na kwa kawaida viprogramu hivi humtaka mtumiaji azime kinga ya virusi kwanza. Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, utamkaribisha?

Mafundi wetu wengi ni waaminifu, na hatutaki wakose riziki kwa sababu ya wachache. Hata hivyo, ukipeleka kompyuta kwa fundi, toa kwanza nakala ya akiba, ondoa picha na nyaraka za siri, kaa naye kazi ikifanyika ikiwezekana, na nywila iandike wewe mwenyewe. Kuingia katika mafaili ya mtu bila idhini yake ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Mweka hazina wa chama akumbuke pia kwamba orodha ya wanachama, namba zao za vitambulisho na za simu ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Anayezikusanya anawajibika kuzitunza, hata zikiwa katika kompyuta ya sebuleni kwake.

Ikitokea kompyuta imefungwa na kudaiwa komboleo, au fedha zimetoweka baada ya kupokea toleo la uongo, ikate mara moja kwenye intaneti. Piga picha ya kioo kwa simu yako, andika tarehe na saa, na utunze ujumbe wote pamoja na namba zote zilizotumika. Usilipe. Kwa kutumia kifaa kingine, badili nywila zako, ukianza na barua pepe, na uiarifu benki au kampuni ya simu ili akaunti izuiwe. Kisha njoo kituo cha polisi kilicho karibu ufungue shauri na upewe namba yake. Kwa wale wa Mafubira na Mbale, mnaweza kuanza na afisa wa mahusiano ya jamii wa kituo chenu, naye atawaongoza kwa wapelelezi.

Jambo moja tunawasihi kwa dhati: msimpe fundi aifute diski na kuweka mfumo mpya kabla wapelelezi hawajaiona. Tunaelewa haraka ya mwenye kazi zake. Lakini anwani iliyotumika, faili lililoingia na saa liliyoingia vyote vimo katika diski hiyo, na kuifuta ni sawa na kupiga deki sakafu kabla ya nyayo za mwizi kupimwa. Mashine iletwe kama ilivyo, pamoja na chaja yake na stakabadhi ya ununuzi, na mwenyewe apewe hati ya kuipokea.